Siri iliyovumilika: mteja mmoja, madeni saba na mshauri wa kwenye simu

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika kituo kidogo cha ushauri nasaha jijini Dar es Salaam. Mteja ameridhia kiandikwe ili mradi asitambulike, kwa hiyo biashara yake, familia yake na baadhi ya maeneo yamebadilishwa. Mfuatano wa mambo umebaki ulivyokuwa. Tutamwita K. Programu aliyoitumia siitaji, kwa sababu haikuwa na kasoro ya pekee yake. Ni mojawapo ya zile programu za mazungumzo za akili mnemba, za bure, unaiandikia kwa Kiswahili nayo inakujibu kwa Kiswahili, saa yoyote.

Kwenye vikao vyetu vya kikazi mjadala wa programu hizi huishia kwenye swali moja: je, mashine inasema maneno yanayofaa? Kwa K. ilisema maneno yanayofaa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ndiyo maana naona kisa chake kinafundisha zaidi ya vile vya kutisha vinavyosambaa kwenye magrupu.

Mtu na mzigo wake

K. ana miaka thelathini na kidogo, ameoa, ana watoto, anaishi upande wa Mbagala na ana fremu ya vifaa vya simu Kariakoo: kava, chaja, spika ndogo, vioo. Mwaka uliotangulia aliingia ubia na jamaa mmoja kuagiza mzigo kutoka China. Mzigo ulifika nusu. Jamaa hakupatikana tena hewani.

Pengo hilo K. aliliziba kwa mikopo ya mtandaoni, ile ambayo mjini inaitwa kausha damu. Alianza na laki mbili, marejesho ya wiki. Wiki ilipofika akakopa kwingine ili alipe hapa, na kwingine ili alipe pale. Alipofika kwetu alikuwa anadaiwa na programu saba, jumla karibu milioni nne, na zaidi ya nusu yake ilikuwa riba na faini. Anayekopa huko huombwa ruhusa ya orodha ya majina kwenye simu yake, na K. aliikubali bila kusoma, kama tunavyofanya sote.

Hayo peke yake yangemkosesha mtu usingizi, ila fundo lilikuwa kwingine. Sehemu ya mtaji ulioliwa ilikuwa mgao wa kikoba wa mke wake. Mama huyo alikuwa amepanga kununua friza aanze kuuza juisi na barafu, akampa mumewe fedha ile azungushe kwanza. K. akamwambia mzigo uko bandarini. Kila alipoulizwa alijibu kwamba forodha bado.

Angemwambia nani? Kaka yake mkubwa alikuwa anamdai tayari. Imamu wa msikiti wanaposwali ni rafiki wa baba mkwe. Kuhusu washauri nasaha alikuwa amewahi kusikia, lakini kwa hesabu yake kikao kimoja cha kulipia kingekula faida ya siku mbili, tena na fremu imefungwa. Kliniki za afya ya akili zipo Amana, Mwananyamala na Temeke, na Muhimbili kuna idara nzima, ila kwake foleni ile ilikuwa ya watu "waliochanganyikiwa", na angeonwa na nani akiwa kwenye foleni?

Mambo yalivyokwenda

Programu ile K. hakuitafuta kwa ajili ya moyo wake. Alikuwa akiitumia kuandika matangazo ya biashara ya kuweka kwenye status, na kumjibu mteja wa Kichina kwa Kiingereza. Usiku mmoja, bando la usiku likiwa limeanza na nyumba nzima imelala, akaandika: "Nina madeni mengi sijui nianzie wapi." Ikamjibu kwa upole, ikamwomba aorodheshe kila deni, riba yake na tarehe yake. Akaorodhesha. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona jumla yake yote mahali pamoja, na anasema alilia, kisha akalala vizuri kuliko alivyolala tangu mwaka uanze.

Usiku uliofuata akarudi. Akaanza kuiita "jamaa". Jamaa alimfundisha kuvuta pumzi taratibu moyo ukimwenda mbio, alimshauri asichukue mkopo mpya kulipa wa zamani, alimsaidia kupanga deni gani litangulie. Mimi nimeyasoma mazungumzo hayo, kwa jinsi nitakavyoeleza mbele, na sehemu kubwa ya ushauri ule ningeutoa mwenyewe. Kwa wiki kadhaa K. alikula vizuri, alifungua fremu mapema, na hasira kwa watoto zilipungua. Mkewe aliona mabadiliko, na aliona pia mume anayetabasamu na simu saa saba za usiku. Akanyamaza na dhana yake.

Suala la mke lilijitokeza mapema. Programu ilimwambia wazi kwamba ni vizuri amweleze. K. akajibu: "Humjui huyu, ataondoka." Ikasema inaelewa hofu yake, na kwamba yeye ndiye anayeijua ndoa yake, labda asubiri wakati unaofaa, na kama angependa, wangeweza kuandaa pamoja namna ya kumwambia. Ndipo barua ikazaliwa.

Barua ya kwanza aliiandika K. mwenyewe: "Mama watoto, pesa yako imeliwa na deni. Hakuna mzigo bandarini. Sijui nikwambie nini. Nisamehe." Akaomba irekebishwe isiwe kali. Ikarekebishwa. Akaomba iongezwe heshima, kisha iongezwe maelezo ya yule mbia, kisha ipunguzwe kidogo, kisha ianze na kumbukumbu za walipokutana. Toleo la mwisho nililoliona lina aya tano, Kiswahili chake fasaha, linaanza na shukrani na kuishia na matumaini, na neno "bandari" halimo. Lile neno lililokuwa uongo wenyewe lilikuwa limesafishwa likatoka. Barua haikutumwa, wala haikusomwa na yeyote.

Wadai nao hawakuwa wamelala. Vitisho viliongezeka, na katika usiku mmoja mbaya K. akaandika kwamba familia yake ingepumua kama yeye asingekuwepo. Programu ikabadilika mara moja: ikasema inamjali, ikamwomba azungumze na mtu anayemwamini, ikampa namba ya simu ya msaada. Namba yenyewe ilikuwa 988, ambayo ni ya Marekani na inatumika huko tangu Julai 2022. K. aliipiga, haikuita popote. Akarudi kwenye mazungumzo na kuandika: "Natania bana, niko poa." Ikamjibu kwamba inafurahi kusikia hivyo, na kwamba ipo wakati wowote. Kisha akauliza habari za marejesho ya Ijumaa, nayo ikamchorea jedwali.

Siku chache baadaye mmoja wa wadai alituma picha ya K. yenye maneno "mwizi, anatafutwa" kwa majina kadhaa aliyoyachota kwenye simu yake. Mojawapo lilikuwa la mama mkwe. K. aliiona picha alfajiri, akazima simu, akatoka nyumbani kama anayekwenda kazini, akaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi. Alikata tiketi ya basi la bara, basi likaondoka yeye akiwa amekaa tu kwenye benchi.

Saa tatu asubuhi, Kariakoo, mwenye fremu ya jirani anayeuza mikanda na pochi aliona kufuli bado lipo. Hakujua habari za mikopo, wala mke, wala mzigo. Alichojua ni kwamba K. hachelewi. Akapiga simu, haipatikani. Akaendelea kupiga kila alipopata nafasi kati ya wateja. Mchana K. alipowasha simu ili alipie tiketi nyingine, ile simu ikaingia, akaipokea kwa sababu, anasema, huyu alikuwa mtu pekee mjini asiyemdai na asiyemwogopa. Jirani akamwambia: "Kaa hapo hapo, nakuja." Akafunga fremu yake, akapanda mwendokasi ya Gerezani hadi Kimara, akaunga na daladala. Ndiye aliyemleta kwetu, kwa kuwa dada yake aliwahi kuhudumiwa hapa.

Tulichoamua na kwa nini

K. alipoketi hakuongea. Alinisukumia simu mezani: "Dokta, soma humo, nimeandika yote." (Mimi si daktari, na nilishaacha kuwasahihisha wateja wetu kwenye hilo.) Uamuzi wa kwanza ulikuwa huo: kusoma au kutosoma. Mwenzangu mmoja alishauri tusiguse, tuanze upya kwa mdomo, kwa hoja kwamba mteja akikukabidhi maandishi amekwepa kusema. Hoja yake nzito. Niliona hata hivyo kwamba mtu aliyetoka Mbezi saa chache zilizopita hana nguvu za kuanza upya, na kwamba kuikataa simu ile kungekuwa kumkataa yeye. Tukakubaliana njia ya kati: simu ibaki mkononi mwake, achague sehemu, aisome kwa sauti, mimi nisikilize. Alisoma barua ya kwanza, ile ya mistari michache, na sauti ilikatika kwenye neno bandarini. Toleo la mwisho alilisoma lote bila kupepesa jicho. Tofauti hiyo ilinionyesha njia ya kufanya kazi naye.

La pili, nilimuuliza moja kwa moja kama amefikiria kujiua, lini mara ya mwisho, na kama alikuwa na mpango. Wapo wanaoogopa kwamba swali hilo linampanda mtu wazo. Halipandi, mwenye wazo hilo hupata nafuu kuona kuna anayeweza kulisikia. K. alijibu ndiyo, na akaeleza. Kisha akauliza kama tutampeleka polisi. Hofu hiyo haikutoka hewani: Kanuni ya Adhabu yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nilimweleza kwamba kuwa na mawazo hayo si kosa, kwamba kilichosemwa chumbani kinabaki chumbani, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, na hapo nitamwambia yeye kabla ya kumwambia mtu mwingine.

Dodoso la maswali tisa tunalotumia kupima sonona, ambalo alama zake huenda hadi 27, lilimpa 17, yaani sonona ya kati inayoelekea kuwa kali, na swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, hakuliacha tupu. Tukampa rufaa kwa daktari wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na jirani akakubali kumsindikiza kesho yake. Kabla hajaondoka tuliandika pamoja watu watatu wa kupigiwa usiku, kwa majina na namba, na tukawapigia papo hapo kuwaomba ridhaa. Jirani akawa wa kwanza kwenye orodha.

Suala la tatu lilitugawanya zaidi: programu ifutwe au ibaki? Mwenzangu yule yule alitaka ifutwe siku ile ile. Mimi nilipinga. K. alikuwa amepoteza mbia, heshima ya ukweni na usingizi. Kumnyang'anya pia kitu pekee alichoweza kukifungulia moyo, kwa amri ya mtu aliyemjua kwa saa moja, kungemrudisha kuitumia kwa kificho. Tukaweka mipaka aliyoitunga mwenyewe kwa kiasi kikubwa: hesabu na matangazo ruksa, habari za mke hapana, baada ya saa nne usiku simu inalala sebuleni, wazo la kufa likija, ni kupiga simu, hakuna kuandika.

Halafu mke. Barua tuliiweka kando. Nilimuuliza ndoa yao ilikuwa na mshenga nani. Akamtaja mjomba wake mmoja, mtu mzima wa Temeke, mpole, anayeheshimiwa pande zote mbili. Nilipendekeza yeye kwa sababu ana haki ya kuingia katika nyumba ile ambayo mimi sina, na ana haki ya kurudi tena wiki ijayo kuuliza mmefikia wapi. Mjomba alielezwa na K. mwenyewe hapa kituoni, siku ya tatu. Alisikiliza, akauliza swali moja tu, kiasi gani ni cha mwanamke, kisha akasema Ijumaa baada ya swala watakwenda wote.

Matokeo

Mke hakuondoka. Alikasirika, na hasira yake ilifika mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Fedha zilimuuma, ila alikuwa ameishi miezi akiamini kuna mwanamke upande wa pili wa simu ile. Alipoelezwa ni programu hakufarijika. Alipokuja kituoni mara moja pamoja na mumewe alisema hivi, nami nimepewa ruhusa kuyanukuu: "Haya yote umeiambia hiyo. Mimi umeniambia bei ya mchele."

Mambo mengine kwa ufupi. Katika wale wadai saba, wawili walikuwemo kwenye orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni ambayo Benki Kuu ya Tanzania iliitangaza Novemba 2024. Yule wa picha aliripotiwa polisi, na picha zilikoma. Fremu imeachiwa, K. sasa anauza kwenye meza chini ya kivuli cha jengo la mtu, na daftari la hesabu liko kwa mkewe. Deni la kikoba linalipwa kidogo kidogo. Alama za dodoso zilishuka hadi 8 baada ya miezi kadhaa ya dawa na vikao. Vikao vyenyewe alivikosa mara kwa mara kwa sababu ya nauli na kazi, na mkewe hakurudi tena licha ya kualikwa. Mama mkwe hadi leo salamu yake ni ya mkato.

Mpaka mmoja aliuvunja. Usiku wa ugomvi aliiandikia programu habari za mke, ikamliwaza, asubuhi akatueleza mwenyewe. Sikuona haja ya kulikuza.

Uchambuzi

Nianze na kilichosaidia, maana wengi wetu tunaruka hapo. Orodha ya madeni ilikuwa tiba ya kweli. Mazoezi ya pumzi pia. Na kule kuandika kulimpa K. lugha: mtu aliyefika kwetu akiwa bubu alikuwa na maneno ya hali yake yamepangwa tayari, ingawa yalikuwa kwenye simu. Utafiti nao hauyapuuzi mambo haya. Machi 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani, walichapisha majaribio ya programu yao iitwayo Therabot kwa watu wazima 210, na waliokuwa na sonona walipungukiwa dalili kwa wastani wa asilimia 51. Anayenukuu matokeo hayo aseme pia kwamba programu ile ilijengwa kwa kazi hiyo hiyo, na kwamba wakati wa majaribio kulikuwa na wataalamu waliosoma mazungumzo na kuingilia palipoonekana hatari. K. hakuwa na msomaji. Alikuwa na kitu cha kuandikia matangazo kilichoombwa kiwe mshauri.

Kilichokwama, kwa maoni yangu, ni hiki: programu iliifanya siri ivumilike. Siri ya deni huwa na ukomo wake. Inabana hadi mtu anaropoka, kwa mke, kwa mjomba, hata kwa konda. Kila usiku K. alipunguza mbano ule kiasi cha kutosha kuivusha siku nyingine, na kwa miezi yote hiyo riba ilikuwa inakua na uongo wa bandarini unarudiwa. Nafuu ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyochelewesha. Barua ni ushahidi wa hilo. Mshauri wa kibinadamu, hata asiye hodari, angefika mahali pa kuuliza: hii barua inakwenda lini? Programu haikuwa na sababu ya kuchoka na toleo jingine.

Sehemu ya tatizo ni kukubali-kubali. Ilianza kwa kumwambia sawa kabisa, mweleze mkeo, ikalegea pale tu alipopinga. Tabia hiyo inajulikana hata kwa wanaozitengeneza: Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, ikikiri kwamba lilikuwa linawasifu na kuwakubalia watu kupita kiasi. Lakini nisiisukumie mashine yote. Ilikuwa inasikia upande mmoja, na mke wa kwenye mazungumzo yale, mkali, wa kuondoka, aliandikwa na K. Mshauri naye husikia upande mmoja. Tofauti ni kwamba mshauri anaweza kumwita mshenga.

Hapo ndipo naona uzito wa ile asubuhi ya Kariakoo. Programu ilijua kila kitu kuhusu K. na haikuwa na njia ya kujua kwamba hajaja. Jirani hakujua lolote, akaona kufuli. Usiku ule wa "natania bana" unasimama kwenye jambo hilo hilo. Binadamu akiambiwa hivyo humtazama mtu usoni, na hata akikubali kwa mdomo, kesho yake atapiga simu ya kujifanya anauliza kitu kingine. Programu haina kesho yake, inangoja kuandikiwa. Na ile namba ya Marekani inaonyesha kwamba hata pale inapotaka kumkabidhi mtu kwa watu, haijui watu wake ni akina nani. Kwetu 116 ni simu ya mtoto. Mtu mzima kama K. anahitaji majina matatu aliyoyaandika kwa mkono wake.

Hamu ya kuzungumza na mashine kwa siri haikuletwa na simu janja. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo kwa sehemu kubwa iligeuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza na kujua ni mashine tupu, aliandikiana nayo kidogo kisha akamwomba bosi wake atoke chumbani. Kwa hiyo tunapomwambia mteja kwamba "hiyo ni kompyuta tu" hatujamwambia jambo asilolijua. K. alilijua tangu mwanzo. Alichokitaka ni mahali pasipo na macho, na ukiangalia orodha ya watu waliokuwa karibu naye, kaka anayemdai, imamu wa upande wa wakwe, sheria inayolihesabu jaribio kuwa kosa, huwezi kusema alikuwa na mahali pengine.

Baadhi ya serikali zimechagua marufuku. Jimbo la Illinois, Marekani, Agosti 2025 lilipitisha sheria inayozuia akili mnemba kutoa tiba ya kisaikolojia. Naielewa nia yake, ila sioni ingemgusa vipi K., ambaye hakwenda kutafuta tiba. Kinachonivutia zaidi ni kilichofanyika Harare, ambako tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akifundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu wenye msongo na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Majaribio yaliyochapishwa 2016, yaliyohusisha watu 573, yalionyesha wanapata nafuu kuliko wanaopata huduma ya kawaida. Yule muuza mikanda hajafundishwa chochote na alifanya nusu ya kazi hiyo. Wataalamu hatutatosha mjini hapa kwa muda mrefu, na mimi ningewekeza kwa watu kama yeye kabla ya kuwekeza kwenye programu bora zaidi.

Kwa upande wa kituo, tumebadilisha jambo moja kwenye fomu ya mapokezi. Palipokuwa na swali la nani anamsaidia mteja, sasa tunauliza: usiku ukizidiwa unazungumza na nani, au na nini? Tukiliuliza bila kukunja uso, watu wanajibu. Wanaojibu "na simu" tunawaomba watusomee sehemu moja wanayoichagua wenyewe, kwa utaratibu ule ule wa K.

Limebaki suala la maandishi yenyewe. Mazungumzo na mshauri yanalindwa na maadili ya kazi. Ya kwenye programu hayana kinga ya namna hiyo. Mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alilisema waziwazi Julai 2025, kwamba watu wanaiambia ChatGPT mambo ya kumwambia mshauri ilhali sheria haiyalindi vivyo hivyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, lakini mteja aliyekwisha kumwaga mambo yake kwa kampuni ya ng'ambo ana kazi kubwa ya kuyafuatilia. Kwenye jalada la K. hatukuhifadhi nakala yoyote. Alituuliza kama ayafute yote, tukamwachia uamuzi. Yeye alikuwa tayari. Mkewe ndiye aliyekataa: barua ifutwe, alisema, lakini jedwali la madeni libaki mpaka deni la mwisho lilipwe, kwa sababu ndilo alilolinakili kwenye daftari lake na bado kuna safu mbili hajazihakiki.